Ramani na Kitabu Nilivyobeba Kutoka Lushoto Hadi Mtae

Nimefundisha Jiografia miaka 19. Kila mwaka nimesimama mbele ya Kidato cha Tatu na kipande cha ramani ya 1:50,000 mkononi, nikiwauliza mto huu unaelekea wapi, na kilima hiki ni kikali upande gani. Lakini ardhi ile yenyewe sikuwahi kuikanyaga nikiwa na ramani yake mkononi, mpaka Juni iliyopita shule zilipofungwa. Mimi na wifi yangu tulipanda basi Korogwe, tukashuka Lushoto, tukatembea kwa miguu siku tatu hadi Mtae, katika milima ya Usambara mkoani Tanga.

Tangu nirudi, walimu wenzangu wananiuliza swali moja: ukitaka kwenda kutembea milimani ununue nini, ramani au kitabu? Au simu inatosha? Nilibeba vyote, vyote kwa pesa yangu, kwa hiyo nitasema nilichokiona.

Njia tuliyopita inajulikana. Siku ya kwanza unatoka Lushoto, unapita msitu wa Magamba na kulala Lukozi. Ya pili unalala Rangwi kwa masista, na ya tatu unafika Mtae, ukingoni kabisa mwa milima, unapoiona nyika ya Mkomazi imelala chini kama mkeka. Tulikuwa na kijana wa kutuongoza, mwenyeji wa Lushoto, na nakushauri nawe umchukue mtu kama yeye. Msitu wa Magamba ni hifadhi, una kibali na ada yake, na mwenyeji anazijua taratibu.

Sasa kama kuna kiongozi, ramani ya nini? Nami niliulizwa hivyo. Jibu langu ni goti la kushoto la wifi yangu. Akipanda halimsumbui, akiteremka linamuuma. Kiongozi anajua njia, lakini hajui goti la mgeni. Mwenye goti anapaswa kujua mapema kilicho mbele yake, ili aseme tupite huku au tupite kule.

Nianze na karatasi ya serikali, ile ya 1:50,000 inayotolewa na idara ya upimaji na ramani ya Wizara ya Ardhi. Hiyo ndiyo ramani yangu ya kwanza na sioni ya kuishinda. Sentimita 2 za karatasi ni kilomita 1 ya ardhi. Kila karatasi inafunika dakika 15 za latitudo kwa dakika 15 za longitudo, yaani zaidi kidogo ya kilomita 27 kila upande, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapokosea. Mtu ananunua karatasi yenye Lushoto akidhani amemaliza. Mji wa Lushoto uko karibu sana na ukingo wa juu wa karatasi yake. Ukienda kaskazini kuelekea Magamba, siku ya kwanza tu unatoka nje ya fremu, na safari yote iliyobaki iko kwenye karatasi za jirani. Kabla hujalipa, angalia kwenye pindo mchoro mdogo unaoonyesha karatasi zinazopakana, kisha nunua zote unazozihitaji.

Uzuri wake ni kontua, ile mistari inayounganisha sehemu zenye urefu sawa kutoka usawa wa bahari: ikibanana, mteremko ni mkali. Siku ya pili, tukielekea Rangwi, tulifika mahali njia inapogawanyika. Kiongozi alisema zote mbili zinafika, moja ni fupi. Kwenye simu njia zote mbili zilikuwa mistari ya nukta nukta inayofanana, na ile fupi ilivutia. Nikakunjua karatasi juu ya jiwe. Njia fupi ilikuwa inakata kontua moja kwa moja, na mistari yenyewe imebanana mpaka karibu inagusana. Ile ndefu ilifuata mgongo wa kilima, ikikata kontua moja moja, taratibu. Wifi yangu hajasoma Jiografia tangu Kidato cha Pili, lakini alitazama mara moja akasema, "Mistari iliyobanana ndiyo itakayoniua." Tukapita ndefu. Ikatuongezea kama nusu saa, na goti likafika Rangwi zima.

Kiongozi wetu alikaa na karatasi ile jioni nzima. Alikuwa anaijua kila kona ya njia ile kwa miguu, lakini hakuwahi kuiona kwa juu. Aliniuliza, "Mwalimu, hii inauzwa kwa mtu yeyote?" Nikamwambia ndiyo, kwa mtu yeyote.

Karatasi ina mambo yake ya kuangalia. Yangu ilichapwa kabla sijazaliwa. Milima haijahama, lakini watu wamehama. Pale palipopakwa kijani kuwa msitu, sehemu kadhaa tulikuta kabichi na viazi juu ya matuta, na barabara mbili tulizovuka hazimo kabisa. Kwa hiyo iamini kwa milima na mabonde, lakini kwa barabara na mipaka ya msitu muulize mwenyeji. Soma pia kwenye pindo kama urefu umeandikwa kwa futi au kwa mita, maana karatasi za zamani ni za futi. Mdogo wangu aliponiona nikipanga safari nyumbani alishtuka kuona 6000 imeandikwa juu ya kilima. Futi 6,000 ni kama mita 1,830. Usambara nzima haina mita 6,000, hata Kibo yenyewe, kilele cha Kilimanjaro, ni 5,895.

Kuna jambo jingine ambalo sikuwahi kulifundisha darasani, nami sasa nalifundisha. Ukisoma namba za mahali ulipo kwenye simu kisha ukazitafuta kwenye gridi ya karatasi hizi, utajikuta umekosea kwa karibu mita 300. Kwenye karatasi ni milimita 6, jambo dogo, ila milimani mita 300 ni upande wa pili wa bonde. Simu haijaharibika, wala karatasi haijakosewa. Pindoni imeandikwa Arc 1960, mfumo wa vipimo uliotumika kuchora ramani za Afrika Mashariki, na simu inatumia mfumo mwingine, WGS84. Baadhi ya programu za ramani za simu zinaruhusu kubadili mfumo kwenye mipangilio, fanya hivyo ukiwa bado nyumbani. Mimi niligundua Lukozi, wakati namba za simu zilipotuweka kwenye mteremko tusioukaribia hata kidogo.

Sasa simu. Nilipakua programu ya ramani inayotumia data za OpenStreetMap, ramani ambayo watu wa kawaida duniani kote wanaichora kwa kujitolea. Nilishusha eneo lote la Tanga nikiwa Korogwe, na milimani nikaitumia bila bando. GPS haihitaji mtandao wa simu, hata ukiizima laini nukta ya bluu inaendelea kukuonyesha ulipo. Asubuhi ya siku ya kwanza Magamba ilifunikwa na ukungu mzito, mbega tuliwasikia bila kuwaona, na karatasi yangu haikuwa na msaada maana hakukuwa na kilima cha kulinganisha. Hapo nukta ile ilitutuliza moyo kweli.

Lakini usiiachie safari nzima. Siku ya tatu ilituonyesha njia iliyoishia katikati ya shamba la mtu. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia tulimwamkia "onga mshi", akacheka kwa furaha, akatuelekeza njia inayopita nyuma ya nyumba yake. Ile ya kwenye simu, alisema, walishaifunga ili kutengeneza matuta. Nimerudi nyumbani nikairekebisha mwenyewe kwenye OpenStreetMap, kwa sababu yeyote anaruhusiwa, na nikaongeza chemchemi mbili tulizozikuta. Nafurahi kwamba mtu atakayepita mwakani atayajua maji yale kwa sababu yetu. Beba pawabenki. Asubuhi za Juni kule ni za baridi, nayo betri haipendi baridi. Mimi nililala na simu ndani ya blanketi.

Ramani ya watalii, ile ya kuchorwa kwa rangi yenye picha za nyani na maporomoko, nitaipitia haraka. Ni nzuri kuitundika ukutani. Watoto wa shule ya msingi wanaimba vitu vya lazima kwenye ramani: jina, ufunguo, skeli, dira na fremu. Niliyoinunua mimi ina jina na fremu. Bila skeli huwezi kupima, na usipoweza kupima hujui kama utafika kabla ya giza.

Kitabu cha mwongozo nilikitafuta cha Kiswahili kwenye kila duka la vitabu nililoingia Tanga na Korogwe. Sikupata. Jambo hili linaniuma na nitalisema wazi: njia hizi zimepita kwenye mashamba ya Wasambaa, majina yote ni yetu, na Mtanzania anayetaka kusoma kuzihusu inabidi asome Kiingereza kilichoandikiwa mtu anayeshuka kutoka uwanja wa ndege. Nilichonunua kilikuwa cha Kiingereza, na bei yake ingetulipia malazi ya usiku mbili, sote wawili.

Kilinisaidia wapi? Kwenye malazi, na kwenye kisa cha ua dogo la zambarau linalomea kwenye miamba yenye kivuli ya milima hii. Mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao mwaka 1892, na leo limo kwenye vyungu madirishani mwa watu Ulaya na Marekani, na wanasayansi walilipa jina la Saintpaulia kutokana na jina lake. Nilisoma hayo jioni Rangwi na kesho yake nikawa natazama kila mwamba wenye unyevu. Lakini kitabu hichohicho kina kurasa nzima za Wajerumani na jina lao la Wilhelmstal kwa mji wa Lushoto, halafu Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala Usambara yote akiwa Vuga, anapata mistari miwili.

Na saa zake usiziamini. Kipande kimoja cha siku ya pili, kitabu kiliandika saa moja na nusu. Usiku uliotangulia nilikuwa nimekipima kwa uzi, kama ninavyowafundisha watoto: unaulaza uzi juu ya njia na kona zake zote, unaunyoosha, unaupima kwa rula. Sentimita 16, yaani kilomita 8. Kwa kanuni ya Naismith, mpanda milima wa Uskoti aliyeitoa mwaka 1892, kilomita 5 ni saa moja, na kila mita 600 za kupanda unaongeza saa nyingine. Kontua zilionyesha kupanda mita 300, kwa hiyo hesabu ilikuja saa mbili na dakika sita. Tulitumia saa mbili na nusu, tukiwa tumesimama kununua matunda na kupumzisha goti. Uzi wa kushonea ulikuwa mkweli kuliko kitabu.

Dira pia, kwa ufupi. Huku kwetu kaskazini ya sumaku na kaskazini halisi zinakaribiana sana, kwa hiyo huna hesabu kubwa ya kufanya. Shida ni dira yenyewe imetengenezwa kwa ajili ya wapi. Yangu ililetwa na binamu kutoka Uholanzi, na mshale ulikuwa unainama na kukwaruza kioo. Kule ncha ya kaskazini ya mshale huvutwa chini, basi watengenezaji huongeza uzito upande wa kusini ili mshale ulale sawa. Kwetu sisi ncha ya kusini ndiyo inayovutwa, na uzito ule unazidisha. Nunua iliyosawazishwa kwa ajili ya ukanda wetu, au ile ya dunia nzima.

Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, nunua karatasi, zote zinazogusa njia yako, na simu unayo tayari. Usiipeleke steshenari kupigwa lamineti nzima kama nilivyotaka mimi, maana haikunjiki tena. Na ukiitoa fotokopi ya A3, elewa kwamba mashine hupunguza ukubwa: 1:50,000 iliyoandikwa juu inakuwa si kweli tena, lakini skeli ya mstari iliyochorwa chini inapungua pamoja na ramani, kwa hiyo pima kwa hiyo.

Desemba tunataka kupita upande wa Mlalo. Karatasi ya huko nimeshaagiza, na wifi yangu safari hii ameomba uzi aushike yeye. Kitabu kitabaki nyumbani, kurasa zake nne za malazi nimezipiga picha.