Argparse ya Python: naipenda, ila chunga type=bool

Kwa kusoma opsheni za komandi mi naikubali sana argparse, inakuja na Python yenyewe tangu 2.7 na 3.2 kwahiyo huinstoli kitu, na --help inajiandika yenyewe. Ila jamani type=bool (kuiambia opsheni ipokee True au False) ni mtego, mtu akiandika --debug False inasomeka True maana neno lolote lisilo tupu Python inalihesabu kweli, weka action ya store_true (opsheni ikitajwa tu inakuwa True, isipotajwa False), au BooleanOptionalAction kuanzia 3.9 upate na --no-debug ya kuizima. Faili la mipangilio haikusomei, hapo unaunganisha mwenyewe: soma kwa tomllib (moduli ya Python ya kusoma mafaili ya TOML, ipo toka 3.11), yaliyomo yapitishe kwenye set_defaults (inayoweka thamani za awali) ndo uite parse_args (inayosoma alichoandika mtumiaji), hapo alichotaipu mtumiaji kinashinda cha kwenye faili, na ndo inavyotakiwa.