Mashine ya presha ya kufunga juu ya kiwiko, kwa nyumba ya Lamu yenye mzee anayetumia dawa za saikosi

Mzee anayetumia dawa za saikosi, yaani ugonjwa wa akili unaomfanya mtu aone au asikie yasiyokuwepo, akianguka, lawama huishia kwenye ngazi. Ni kweli ngazi za nyumba za mawe za Mji wa Kale ni kali, vidato havilingani, na nyingi hazina pa kushika. Lakini mara nyingi shida huanza kitandani: mzee ameinuka, presha imeshuka, na hatua chache baadaye miguu imelegea. Mashine ndogo ya betri, yenye kitambaa cha kufunga juu ya kiwiko, huweza kuuonyesha mshuko huo kabla nyonga haijavunjika. Kwa hiyo tunaipa nafasi ya kwanza, mbele ya bakora na mkeka wa mpira wa chooni, ingawa navyo vina kazi yao.

Mtu anaposimama, mishipa hujikaza ili damu isiteremke yote miguuni. Klopromazini, ambayo wengi huijua kwa jina la Largactil, pamoja na klozapini, kwetiapini na risperidoni, huzuia kukaza huko kwa viwango tofauti. Hatari huwa kubwa siku za mwanzo za dawa, dozi inapopandishwa, na mtu anaporudia dozi yake kamili baada ya kuikosa. Klozapini huanzishwa kwa miligramu 12.5, na aliyeikosa kwa saa 48 au zaidi huanzishwa upya kutoka hapo. Mgonjwa aliyekwenda Faza au Pate akasahau dawa zake nyumbani asirudie dozi ya zamani kabla ya kuzungumza na kliniki.

Dukani utaona pia mashine za kufunga kwenye kifundo cha mkono. Ni nyepesi na zinavutia, ila kwa kazi hii hatuzipendekezi. Mkono ukiwa chini kidogo ya usawa wa moyo, namba hupanda. Ukiwa juu, hushuka. Mzee anayetetemeka au aliyekakamaa hawezi kuutuliza mkono kifuani huku amesimama.

Kabla ya kulipa, pima mkono wa mzee kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya bega na kiwiko. Kitambaa cha kawaida huwa cha sentimita 22 hadi 32. Wazee wengi waliokonda wako chini ya 22, na hao wanahitaji kitambaa kidogo. Kitambaa kikubwa mno husoma presha chini kuliko ilivyo, na kidogo mno huisoma juu. Angalia vilevile kama mashine ina utaratibu wa kupima mara tatu na kutoa wastani. Kwa kumpima mtu akiwa amesimama, uzime. Wastani huo hufuta kile hasa unachokitafuta.

Kupima mara moja, mzee akiwa amekaa kitini, hakutoshi. Alale chali dakika tano, asizungumze, na kahawa iwe imepita nusu saa au zaidi. Funga kitambaa juu ya ngozi, ukingo wake wa chini uwe sentimita 2 au 3 juu ya kikunjo cha kiwiko, upime, uandike. Kitambaa kibaki mkononi. Kisha asimame, mtu mmoja akiwa ubavuni na kiti kikiwa nyuma yake, na ushike mkono wake kwa usawa wa moyo. Pima baada ya dakika moja, na tena baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, huo ni mshuko wa kupelekwa kwa daktari hata kama mzee anasema hana neno. Akiona kiza, akiyumba au akitoka jasho la baridi, mkalishe au mlaze mara moja. Usingoje mashine imalize.

Saa ya kupima ina uzito wake. Dawa nyingi hizi humezwa usiku, na alfajiri mzee huamka bado ana usingizi, anakwenda kutia udhu kwenye sakafu yenye maji, kisha anainuka kutoka sijda. Huo mwinuko wa sijda ni mkali kuliko kutoka kitini. Pima alfajiri, kabla hajatembea, na saa moja au mbili baada ya dozi. Presha ikionekana kushuka, akae ukingoni mwa kitanda dakika mbili akichezesha nyayo kabla ya kusimama, na aswali amekaa. Mgonjwa ana ruhusa hiyo. Msimu wa joto la kaskazi, siku za kuharisha na mwezi wa Ramadhani mwili hupungukiwa na maji na mshuko huzidi. Suala la kufunga liamuliwe na daktari mapema. Na ikiwa mzee anatumia pia dawa za presha au za kukojoza, zipelekwe zote zionekane pamoja, maana huenda zinasukumana upande mmoja.

Kuna ambayo mashine hii haiyaoni kabisa. Haloperidoli, na sindano za flufenazini za kila baada ya wiki kadhaa, zaidi huleta kukakamaa: hatua fupi za kuburura, mikono isiyopepea, kugeuka kwa shida. Mtu huyo ataanguka na presha yake ni nzuri. Artane hulegeza ukakamavu huo, lakini kwa mzee huweza kuleta kuchanganyikiwa na macho kuona ukungu, nako ni kuanguka kwingine. Namba nzuri zisiwafumbe macho. Na namba mbaya zisiwe sababu ya kuikatiza dawa nyumbani, kwa sababu ugonjwa ukirudi huja na hatari zake. Daktari anaweza kupunguza dozi, kuigawa au kubadilisha dawa.

Lililotuudhi katika mashine nyingi ni kumbukumbu yake: huhifadhi namba na saa, haisemi kama mtu alikuwa amelala au amesimama. Daftari ni lazima: saa, mkao, namba mbili za presha, mapigo ya moyo, na saa ya dozi ya mwisho. Lingine ni hewa ya chumvi. Vishikio vya betri hupata kutu upesi, kisha mashine huzimika katikati ya kupima. Iweke kwenye kopo lenye mfuniko mkazo, utoe betri ikiwa haitumiki kwa wiki kadhaa, na usiiache dirishani. Ukienda kliniki ichukue, ipimwe sambamba na yao kwenye mkono uleule.

Asiyefaidika nayo sana ni mzee ambaye mapigo ya moyo wake hayana mpangilio. Mashine itatoa alama ya kosa au namba zinazorukaruka. Huyo apimwe na muuguzi kwa kifaa cha kusikilizia, amelala kisha amesimama, kwa dakika zilezile.