Pedi zinazokunywa kila kitu, isipokuwa kilichomwagika

Sina desturi ya kulalamika hadharani. Miaka yote niliyotunza stoo ya karakana ya malori hapa Mtwara nimepokea mizigo mibovu mingi, nikanung'unika, nikairudisha, yakaisha. Hili la pedi za kufyonza kemikali zilizomwagika limenikaa kooni.

Msimu wa korosho uliopita, malori yakiwa yamepanga foleni kuelekea bandarini na karakana yetu haina hata pa kuweka mguu, niliagiza pedi za kufyonza kemikali kutoka duka moja la vifaa vya usalama kazini la Dar es Salaam. Nilimtajia muuzaji kwa simu, kimoja baada ya kingine, vitu tulivyonavyo stoo: dizeli, oili, maji ya rejeta na asidi ya betri, ambayo mafundi wetu huiita maji makali. Akanijibu, "Mama, hizi zinakunywa kila kitu, wala usiwe na wasiwasi." Zikaletwa na basi, nyeupe pee, laini, zimefungwa vizuri. Nilizipokea kwa furaha, na hata nilimsifia bosi kwamba safari hii tumepata kitu cha maana.

Hazikupita wiki nyingi, dumu la lita 20 la asidi ya betri likaanguka kutoka kwenye rafu, kifuniko kikafyatuka, na sehemu kubwa ya asidi ikatandaa sakafuni ikifuata mteremko wa kuelekea kwenye mtaro. Kijana wetu wa gereji, ambaye nilikuwa nimemfundisha mwenyewe mahali pedi zinapokaa, alivaa glovu na miwani ya kujikinga, akatandika pedi nne juu ya asidi kama anayetandika mkeka. Hakuna kilichofyonzwa. Asidi ilikusanyika juu ya pedi ikawa matone ya duara, kama mvua juu ya jani la gimbi, na iliyobaki ikapita chini yake ikaendelea na safari. Aliongeza pedi sita nyingine. Alipoinua mojawapo na kuipasua, ndani ilikuwa kavu kau.

Tuliokolewa na ndoo ya mchanga wa kuzimia moto. Ninaeleza jambo hili kwa makini kwa sababu wengi hudhani kwamba mchanga hufyonza, ilhali kazi yake kubwa ni kujenga tuta ili kilichomwagika kisisambae. Mchanga wetu, kwa kuwa ulizolewa ufukweni na umejaa vipande vya kombe na matumbawe, ulitoa povu ulipokutana na asidi, kwani kombe ni chokaa na chokaa hupunguza ukali wa asidi. Lakini haikuchukua muda povu likapoa, maana asidi hii ikigusa kombe hujenga juu yake utando wa jasi unaozuia isiendelee kuliwa. Ikabidi nitume mtu dukani akalete magadi soda, nikainyunyiza kidogo kidogo kuanzia pembeni kwenda katikati hadi povu lilipokoma kabisa, kisha tukazoa matope yote kwa koleo la plastiki na kuyatia kwenye ndoo ya plastiki, ambayo kifuniko chake hatukukibana, kwa kuwa gesi ilikuwa bado inaweza kutoka. Suruali ya yule kijana, ambayo ni ya pamba, ilionekana nzima siku ile. Ilipofuliwa ikatoka na matundu kama chujio.

Nikampigia muuzaji. Nilikuwa mpole, wallahi. Nilimwuliza kama anayo karatasi ya taarifa za usalama ya asidi, ile yenye vifungu 16, na kama amewahi kusoma kifungu cha 6 kinachoeleza la kufanya kemikali inapomwagika, kabla ya kuniuzia kitu cha kuizolea. Akacheka. Akasema, "Mama, kwani huko kwenye korosho mmeanza lini kusoma kemia?" Kisha akaongeza kwamba pengine tulizilowesha kabla ya kuzitumia, na akakata simu. Nilibaki nimeshika simu sikioni kama mtu anayesubiri jibu la posa. Kijana mwenye umri wa mwanangu wa mwisho!

Haki lazima isemwe, hata kama inauma. Jioni ile nilipoutazama mfuko wa pedi nilikuta kwenye kona mchoro wa tone la mafuta na maandishi madogo ya Kiingereza yanayosema kwamba ni za mafuta pekee. Nilikuwa nimeyapita kila siku nikiingia na kutoka stoo. Pedi nyeupe za aina hii hutengenezwa kwa nyuzi za polipropilini, aina ya plastiki, ili zikubali mafuta na kuyakataa maji, na asidi ya betri kwa sehemu kubwa ni maji. Nilimwagia moja kijiko cha maji, yakabingirika. Nilimwagia nyingine kijiko cha dizeli, ikatoweka kabla sijarudisha kijiko. Jaribio hilo halikunigharimu chochote, na ningelifanya siku mzigo ulipofika.

Kwa hiyo pedi si mbovu, na hapo ndipo hukumu yangu inapoyumba. Watengenezaji wengi hufuata desturi ya rangi: nyeupe kwa mafuta pekee, kijivu kwa mafuta na maji ya kawaida kama ya rejeta, njano kwa asidi na kemikali nyingine kali. Lakini hiyo ni desturi yao tu, kwa hiyo rangi pekee haitoshi bila kusoma mfuko. Fundi mmoja alinishauri tuachane na haya yote tutumie vumbi la mbao, ambalo kwa seremala tunapewa bure. Nilikataa, kwa sababu tunayo pia klorini ya kusafishia matangi, na klorini, kama ilivyo asidi ya nitriki, ikikutana na vumbi la mbao inaweza kupata joto hadi vumbi likawaka. Kitu cha bure kikiunguza karakana si bure tena.

Nilikuwa nimekusudia kuwaambia msinunue kabisa pedi hizi. Sasa hivi ninavyoandika, mbili kati ya zile zilizobaki ziko chini ya jenereta yetu inayovuja dizeli, na zinafanya kazi vizuri kiasi cha kunikera. Kwa dizeli na oili ningezipa alama zote. Kisha nakumbuka "huko kwenye korosho" na alama zote nazirudisha mfukoni.

Pedi za njano bado nazihitaji, na katika maduka niliyouliza ni lile lile tu lililoniambia linazo. Nitampigia yule kijana. Safari hii atachovya pedi moja kwenye glasi ya maji mbele ya kamera ya simu yake, nikiwa naangalia, na isipolowa pesa yangu haitoki Mtwara.