Saa ya ndoto yako: ukiwa Moshi, anza na ipi?

Miaka sita niliitamani saa moja tu, Tudor Black Bay 58. Daladala ikizunguka Mnara wa Saa hapa Moshi, mimi niko kwenye simu naikuza picha yake, nautazama ule mshale mfupi wenye kichwa cha pembe nne. Mwaka huu nimeinunua. Kabla ya kutoa pesa nililinganisha saa nne za mkononi, zote za otomatiki, yaani zinajijaza zenyewe mkono ukitembea, na nazipanga hivi.

Ya kwanza ni hiyo hiyo Tudor, na si kwa mapenzi tu. Kipenyo ni milimita 39, inakaa vizuri kwenye mkono mwembamba. Inahimili maji hadi mita 200, na kitufe cha pembeni kinafungwa kwa skrubu, kwa hiyo vumbi la kiangazi na jasho havipati njia. Ivue Ijumaa jioni. Jumatatu asubuhi utaikuta bado inatembea, maana ikijaa ina akiba ya nguvu ya saa 70. Waranti miaka 5. Mpya ni kama dola 4,000, karibu shilingi milioni 10, na hapo hujagusa ushuru wala VAT ya asilimia 18.

Ya pili Seiko 5 Sports. Najua wengi wataitanguliza Tissot kwa kuwa ni ya Uswisi, lakini mimi nawaza siku itakapogoma. Fundi wangu amefungua Seiko maisha yake yote. Akiba ni saa 41 tu na kioo kinachubuka upesi, ila haifiki dola 500. Kama hujawahi kumiliki saa ya mashine, nunua hii.

Tissot PRX Powermatic 80 ya tatu. Inavutia, kioo cha yakuti, akiba ya saa 80. Tatizo ni mkanda: umeungana na bodi, huwezi kuvisha mkanda wowote.

Rolex Explorer naiweka ya nne, na inaniuma. Ni saa ya 1953, mwaka ambao Everest ilipandwa kwa mara ya kwanza, na sisi tunaoamka tukitazama Kilimanjaro inatugusa. Lakini mpya inapita dola 7,000, utasubiri foleni kwa muuzaji rasmi, na feki zake zimejaa kila kona.

Feki nimewahi kulizwa nayo. Niliuziwa “Rolex” iliyotumika. Mshale wa sekunde ulikuwa ukiteleza, nikaamini, kwa sababu watu husema feki hurukaruka. Si kweli. Mashine ya bei rahisi nayo huteleza. Masika yalipoanza, kioo kikajaa ukungu kwa ndani. Siku hizi saa iliyotumika sitoi hata shilingi mpaka namba ya kwenye bodi ifanane na ya kwenye kadi ya waranti, na fundi ninayemchagua mwenyewe afungue mfuniko nikiwa nimesimama pale. Muuzaji akikataa, ondoka.

Ya kwangu shemeji aliichukua kwa muuzaji rasmi Dubai, tukailipia ushuru uwanja wa ndege wa KIA. Nilifungua boksi mezani, nikalegeza kitufe, nikaijaza taratibu huku nikiisikia ikikwaruza vidoleni. Mke wangu akauliza saa ngapi. Mshale mfupi ulikuwa kwenye 1, mrefu kwenye 12.

“Saa saba kamili,” nikamwambia, na sikuivua mpaka usiku.