Sauper na sangara wetu: jicho kali, kesi haijakamilika

Ukimtaja Hubert Sauper hapa Mwanza, watu wa rika langu watakuuliza: yule wa mapanki? Mtengeneza filamu huyu wa Austria, mzaliwa wa 1966, ana tuzo ya dokumentari bora ya Ulaya ya 2004, ana César ya Ufaransa ya 2006, na mwaka huohuo aliingia kwenye kinyang'anyiro cha Oscar akabwagwa na filamu ya pengwini. Yote hayo kayapata kwa Darwin's Nightmare, filamu juu ya biashara ya sangara wa Ziwa Victoria, aliyoipiga kwetu. Huku ilimvunia mengine: mwaka 2006 Rais Kikwete aliikemea hadharani, na Agosti watu wakaandamana mjini. Sidhani kama wengi wao walikuwa wameiona.

Juzi nimeirudia nikiwa na mama mdogo, ambaye miaka ile alichuuza mapanki. Kwa asiyetoka Kanda ya Ziwa: mapanki ni kichwa na mifupa ya sangara, yaani kinachobaki kiwandani minofu ikishakwenda Ulaya. Yanaanikwa, yanakaangwa, yanauzwa. Sauper amefika hadi uwanja wa kuanikia. Mama mmoja amesimama kwenye tope, funza wanatambaa miguuni pake, jicho moja limeharibika, anasema ni ile amonia, gesi inayotoka kwenye samaki waliooza. Mama mdogo akatikisa kichwa. "Hapo hajaongopa. Ila mbona hatuonyeshi tukila? Vile vichwa ukivichemsha na ndimu na pilipili, hata mwenye kiwanda anaomba sahani."

Sijaona mhakiki aliyeisema vizuri kuliko hivyo.

Maana kwa kutazama, Sauper ana kipaji. Kuna mwongoza ndege kwenye mnara wa uwanja wetu, anahangaika kuua wadudu kwa karatasi huku ndege ya mizigo inataka kutua. Kuna mlinzi wa usiku mwenye upinde na mishale ya sumu, anazungumzia vita kama mtu anayezungumzia ajira. Kuna dada anayewaimbia marubani wimbo wa kuisifu Tanzania, na baadaye tunaambiwa ameuawa na mteja. Kamera haikimbii. Inakaa hadi unaona haya wewe mtazamaji.

Shida yangu ni silaha. Filamu nzima anauliza: hizi ndege zinazobeba minofu huja na nini? Mwishoni rubani mmoja Mrusi anakiri, kwa uso wa mtu aliyechoka na nafsi yake, kwamba aliwahi kupeleka silaha Angola kisha akapitia Johannesburg kuchukua zabibu za kupeleka Ulaya. Ni ungamo zito, lakini Angola si Mwanza. Na habari ya sangara kupandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, kisha akamaliza aina nyingi za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa, inapita mbio mno, ilhali jina la filamu limetoka hapo. Hata hivyo simwiti mwongo. Mwanahistoria wa Kifaransa, François Garçon, alipoishambulia filamu hiyo na kudai watoto walilipwa waigize, Sauper alimshtaki kwa kumchafulia jina, akashinda.

Ukitaka kumwelewa, anza na Kisangani Diary ya 1998, juu ya wakimbizi wa Rwanda katika misitu ya Kongo. Akiwa kwenye kazi hiyo ndipo alipoona ndege mbili uwanjani: moja imeleta njegere za msaada kwa wakimbizi, nyingine inapakia samaki kwenda Ulaya. Picha hiyo ikamzalia Darwin's Nightmare. We Come as Friends ya 2014 aliizungukia Sudan kwa kindege alichojitengenezea mwenyewe. Sundance, tamasha la filamu la Marekani, wakampa tuzo maalumu. Kwangu ina hotuba nyingi kuliko watu.

Epicentro ndiyo niliyoipenda. Ameipiga Havana, na mwaka 2020 ikachukua tuzo kuu ya dokumentari za kimataifa hukohuko Sundance. Watoto wa Cuba wanabishana, wanacheza, wanamchekesha na kumsahihisha. Ukoloni na umaskini vipo palepale, ila safari hii watu wameruhusiwa kuwa na siku njema.

Darwin's Nightmare naipa nyota tatu na nusu kati ya tano, Epicentro nne na nusu. Mama mdogo kaipa ya kwetu mbili, na moja kati ya hizo anasema ni ya yule mwongoza ndege.