Timu ya filamu tuliyoitumia kwa utafiti wetu: nyota nne kati ya tano

Nimemaliza kazi na timu moja inayogeuza tafiti za vyuo kuwa dokumentari, naandika maana najua wengi mnatafuta huduma kama hii. Utafiti wetu ulihusu maji ya visima, miaka mitatu tunaingia nyumba za watu na madodoso yetu, halafu ikatoka ripoti nene ambayo waliotupa majibu hawataisoma hata mmoja. Hilo liliniuma sana, ndo maana tukaenda kwenye filamu.

Kushuti wanajua jamani. Sauti hasa, walikuwa tayari kukaa nusu saa wakisubiri upepo utulie, na ukisikiliza unasikia hadi kamba ikikwaruza ukingo wa kisima.

Shida ilikuja kwenye toleo la kwanza. Tukaomba wenyewe walioshutiwa walione kabla halijakamilika, timu haikuwa imezoea na kwenye mkataba haikuwemo, tukavutana weee mwishowe wakakubali. Tukafunga shuka jeupe, projekta, spika mbili. Ikafika pale kinamama wanavuta maji, wameweka piano ya taratibu, ya huzuni, mama mmoja akasimama akasema, "Wanangu, mbona mmetutilia muziki wa msiba? Siku ile tulikuwa tunacheka." Watu wote wakaitikia kweli kabisa.

Nikamkumbuka Jean Rouch, yule mtengeneza filamu Mfaransa, miaka ya 1950 aliwarudishia wavuvi wa kabila la Wasorko kule Niger filamu yake ya kuwinda viboko, wakamwambia muziki huo toa, kiboko akisikia kelele si atakimbia! Na sisi muziki ukatolewa, na kumbe vicheko vilikuwemo kwenye rekodi muda wote, sasa hivi ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Siku hiyohiyo kijana mmoja aliyekuwa ameshasaini fomu ya ridhaa alipojiona akasema hapana, hataki sura yake itokee. Walimtoa bila kununa, hapo nawapa heshima yao. Grafu yetu mle kwenye filamu nayo haikueleweka kabisa, mzee akauliza "sasa kisima changu kiko wapi hapo?" na hakuna aliyeweza kumjibu, ikabidi warudi kushuti ndoo ya kiangazi na ndoo ya masika zikiwa pembeni kwa pembeni, ndo watu wakaelewa tulichokuwa tunakisema miaka yote mitatu. Maandishi ya chini ya skrini pia wazee wengi hawakuweza kuyafuata, tukarekodi sauti ya msimulizi kwa lugha yao, na hiyo walitudai nyongeza, nyota moja nimeikata hapo.

Kitu kingine, msing'ang'anie filamu moja ndefu. Kule Kisiwa cha Fogo, Kanada, mwaka 1967 Bodi ya Taifa ya Filamu na Chuo Kikuu cha Memorial walitoa filamu fupifupi zaidi ya 20, wanakisiwa wakaziangalia pamoja na kujadili, na serikali nayo ikaonyeshwa wanachosema. Sisi tulikatiwa vipande vitano, kila kimoja kinaonyeshwa kisha taa zinawashwa watu wanaongea, na maongezi yalikuwa marefu kuliko filamu yenyewe.

Mkiwachukua, andikeni kwenye mkataba siku ya maonyesho ya toleo la kwanza, na muombe faili dogo la kuingia kwenye simu, sisi tulipewa kubwa tu na watu bado wanatuomba.