Kibanda umiza cha nyuma ya mashine ya kusaga, Nkuhungu: nyota nne

Siku ya kwanza kuingia pale kutazama mpira, kijana mmoja wa benchi la mbele aligeuka akanitazama kuanzia kandambili mpaka kilemba, akasema, "Mama, tamthilia ni saa tatu." Kibanda kizima kikacheka. Nikamwambia, mwanangu, mimi nimezaliwa Temeke, baba yangu kanipeleka uwanjani kabla mama yako hajavunja ungo, sogea nikae. Akasogea. Siku hizi Simba ikishinda dabi ananinunulia kahawa, Yanga ikishinda nanunua mimi. Kwa misimu hii ya karibuni nadhani mnajua nani kala hasara.

Nilihamia Dodoma na wizara mwaka 2017, niko masjala, na kila wiki hakosi mtumishi mgeni anayekuja kuulizia faili halafu anamalizia kwa kuuliza mpira anauonea wapi mji huu. Nimechoka kuelekeza kwa mdomo. Naandika mara moja, mwenye kusoma asome.

Kibanda hakina jina. Ukifika Nkuhungu ulizia mashine ya kusaga, zunguka nyuma, utaona kuta za mabanzi, paa la bati na ubao mweusi umeegeshwa mlangoni. Ratiba inaandikwa kwa chaki na mjukuu wa mwenye kibanda, ambaye kwake timu ya Emirates ni ASENO na ile ya Anfield ni LIVAPULI, na sijaona mtu akilalamika. Benchi ni shilingi 500, kiti cha plastiki 1,000. Siku ya dabi bei inapanda mara mbili. Sakafu ni udongo, lakini Mzee, mwenye kibanda, anaimwagia maji nusu saa kabla ya mechi ili vumbi lisipande. Anayeijua Dodoma ya Agosti na upepo wake atajua thamani ya ndoo hiyo moja ya maji.

Kwa nini nisikae nyumbani? King'amuzi ninacho, kifurushi nalipia. Ila nyumbani ukifungwa unafungwa peke yako. Nimejaribu na baa moja ya mjini yenye skrini sita: mechi inaendelea, DJ naye anaendelea, na mhudumu kila akileta soda anasimama katikati ya wewe na penalti. Sikurudi.

Sifa ya kwanza ya kibanda hiki ni kitu ambacho sikukijua mpaka nilipokikosa kwingine: picha yake haichelewi kupita kiasi. Kuna kibanda kingine mtaa wa pili kinachotumia intaneti. Nilikaa kule mechi moja tu. Tuko kimya, mpira uko katikati ya uwanja, mara kelele zinasikika kutoka upande wa mashine ya kusaga. Goli! Sisi bado tunaona kiungo anapiga pasi ya nyuma. Tukakaa tukisubiri goli ambalo tayari tunalijua, kama mtu aliyehadithiwa mwisho wa kisa. Mtoto wa dada yangu, ambaye ni fundi wa madishi, alinieleza hivi: "Mama mdogo, setilaiti iko juu karibu kilomita 36,000, lakini kupanda na kushuka ni kama robo ya sekunde tu. Kinachochelewesha ni kule kuibana picha iwe ya dijitali, halafu king'amuzi kuifungua. Na ya intaneti inakatwa vipande vipande, simu au kompyuta inaviweka akiba kwanza ndipo ionyeshe, kwa hiyo inazidi kuchelewa." Redio nayo huwa inaitangulia picha. Ndiyo maana Mzee ana sheria moja pale mlangoni: redio ya mkononi marufuku. Kuna babu mmoja alikuwa anaingia nayo imebanwa sikioni, anaruka kabla ya watu wote. Alionywa mara mbili, ya tatu akarudishiwa mia tano yake.

Simu zenyewe hajaweza kuzizuia, na hilo ndilo donda langu. Januari 21, 2024, Taifa Stars na Zambia kule San Pedro, Ivory Coast. Msuva alitufungia mapema, Zambia wakabaki kumi, na kibandani watu walishaanza kuhesabu pointi tatu. Nilikuwa nimekaa nyuma ya kijana mwenye simu. Dakika za mwishoni, kabla kona haijapigwa kwenye skrini, nikaona ameinama kwenye simu, halafu mabega yakashuka. Hakusema neno. Mimi nikajua. Ndipo Chama, Chama huyo huyo tuliyekuwa tunamshangilia Msimbazi kwetu Simba, akapiga kona na Daka akaweka kichwa. Moja moja. Watu wote walishika vichwa wakati mmoja, isipokuwa mimi na yule kijana, tulikuwa tumeshamaliza kuumia. Kwa hiyo ushauri: kaa mbele ya wenye simu, usikae nyuma yao.

Sasa Mzee mwenyewe. Zamani alikuwa mshika kibendera kwenye ligi ya wilaya, na bado anatazama mpira kama mtu anayelipwa kuutazama. Anakaa kwenye kreti la soda karibu na projekta. Siku moja aliniambia, "Mama, wewe unaufuata mpira kama paka anavyofuata panya. Mpira utauona tu, kamera haiuachi. Chagua mtu mmoja asiye na mpira, mkae naye dakika kumi." Nikaona ni maneno ya wazee. Mei 2025, marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Simba na Berkane pale Amaan Zanzibar, tukiwa nyuma mabao mawili ya kule Morocco, nikasema leo nijaribu, maana presha ilikuwa inanimaliza. Nikamchagua Kagoma, kiungo mkabaji.

Nilichokiona sikuwa nimekiona miaka yote ya kutazama mpira. Kazi ya mtu yule karibu yote inafanyika kabla. Anaangalia bega la kushoto, anaangalia la kulia, anasogea hatua mbili kwenda mahali ambapo hakuna mtu, na wewe unajiuliza anafuata nini pale, kisha pasi ya adui inakuja pale pale. Mutale alipofunga nilikuwa sitazami goli, namtazama Kagoma amesimama katikati anawapungia mabeki wasipande wote. Nikawa nafurahia mechi ya peke yangu ndani ya mechi ya watu wengine. Halafu mapema kipindi cha pili mtu wangu akala kadi nyekundu. Nikamgeukia Mzee. Akaniambia, "Basi chagua mwingine." Ikaisha moja moja, kombe likaenda Berkane, na njiani kurudi nyumbani nilikuwa na huzuni lakini sikuwa na kile kichwa cha kuuma cha siku zote.

Hilo somo ukitaka kulimalizia, nenda Jamhuri siku Dodoma Jiji wanacheza nyumbani. Walima Zabibu hawa wako Ligi Kuu tangu msimu wa 2020/21 na uwanja hauko mbali na mjini. Kwenye skrini nusu ya wachezaji huwaoni. Pale jukwaani nilikaa juu kidogo, nikaona mabeki wanne wanapanda kwa pamoja kama wavuvi wanaovuta kokoro, mmoja akabaki nyuma, mtego wa kuotea ukavunjika, na nikajua goli linakuja kabla mpira haujapigwa. Likaja. Niliporudi kumsimulia Mzee alifurahi kana kwamba nimemlipia deni.

Mambo madogo mazuri nayapitia haraka. Kahawa ipo, kashata ipo, karanga za Kongwa zinapita kwenye ungo, na ukibahatika wakati wa mavuno kuna mama anapitisha zabibu. Zege, yaani chipsi mayai, ni la kijana wa nje, mayai hajui kuyapima chumvi. Kuna na hii burudani mpya iliyoanza msimu wa 2025/26: kipa akishika mpira zaidi ya sekunde nane inakuwa kona, na mwamuzi anahesabu tano za mwisho kwa vidole. Kibanda kizima kinahesabu naye kwa sauti, "Tano! Nne! Tatu!" Mtu akipita njiani atadhani tunarusha roketi.

Na Jumamosi kuna raha ninayoionea fahari ya kijinga. Uingereza kwenyewe, mechi za saa tisa alasiri kwa saa zao haziruhusiwi kuonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni, ni zuio la tangu miaka ya 1960 ili watu waende viwanjani. Yaani Mwingereza amekaa kwake jirani na uwanja haoni, sisi nyuma ya mashine ya kusaga tunaona kwa jero. Ila angalieni saa. Wao wakirudisha saa zao nyuma mwisho wa Oktoba, mechi yetu ya saa kumi na moja jioni inahamia saa kumi na mbili, na mjukuu wa Mzee husahau kubadili ubao. Kila mwaka wiki hiyo tunakaa saa nzima tunatazamana.

Ubaya sasa, maana hakuna wa kunilipa nisifie tu.

Mchana picha imepauka. Jua la jioni linapenya kwenye nafasi za mabanzi, na projekta ya Mzee haina nguvu ya kushindana nalo. Ametundika turubai jeusi upande wa magharibi, imesaidia kidogo, joto likaongezeka. Novemba 5, 2023, ile dabi, mapumziko tulikwenda moja moja, mimi nacheka. Kipindi cha pili Yanga walipoanza kumimina, mwanga ulikuwa umeipiga skrini upande wa goli letu, na kwa mara ya kwanza nikaushukuru. Tano moja. Kijana wangu wa kahawa alininyooshea vidole vitano wiki nzima, hata tulipokutana sokoni Majengo, nimebeba mchicha.

Umeme ukikatika jenereta lipo, tatizo ni king'amuzi, kinachukua muda wake kuwaka upya na mpira haukisubiri. Mvua kubwa nayo inakata mawimbi ya dishi, lakini mvua ya Dodoma mnaijua, Desemba mpaka Aprili, na hata hiyo kwa hesabu.

Kero kubwa kwangu ni watu wa mikeka, yaani wa kubeti. Wanakaa benchi la katikati, kila mmoja na kikaratasi au simu, na hawatazami mpira. Wanatazama kona. Wanashangilia kadi ya njano ya mtu wasiyemjua jina. Timu imefunga goli zuri la pasi kumi na kitu, yeye analia mkeka umechanika kwa sababu alitaka yasizidi mabao mawili. Siwahukumu, kila mtu na riziki yake, lakini usikae karibu nao ukitaka kufurahi. Nimemwomba Mzee awatengee kona yao. Alicheka sana, nikachelewa kuelewa kwa nini.

Choo ndicho kilichokula nyota ya tano. Kipo kimoja, cha jirani, ufunguo anao mtoto ambaye dakika ya sabini huwa hayupo. Kwa wanaume ukuta unatosha, na hilo nalo ni aibu. Kwa sisi wanawake, unywe kahawa kikombe kimoja tu na umalize haja zako nyumbani. Nimemwambia Mzee mara nyingi kwamba akijenga choo na kuweka taa pale njiani, atapata kina mama kumi kila wiki. Ananijibu kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwa, mama, tutajenga," na naona matofali yameanza kulundikwa, ingawa tangu Pasaka hayajaongezeka.

Ukienda, fika nusu saa kabla. Benchi la pili kutoka nyuma ndilo zuri, shingo haiumi na feni inafika. Viti vya plastiki viko nane. Chekundu kilicho kando ya mlango, mguu mmoja umefungwa kwa mpira wa baiskeli, ni changu.